Entebbe Zilikuwa Mbili

Kila mwanachuo anamjua yule jamaa wa hosteli asiyeweza kuangalia muvi ya vita kimya kimya. Eti bunduki ile haikuwepo mwaka huo. Gari lile ni la juzi. Kombati zile si za jeshi lile. Anasimamisha laptopu, anakuza picha, anaonyesha nguzo ya simu iliyosahaulika kwa nyuma, halafu anatangaza kwamba kazi nzima ni uongo. Wenzake wanamwambia akae chini: tamthilia ni tamthilia, anayetaka historia aende maktaba.

Mimi naona pande zote mbili zinagombania kitu kidogo. Tamthilia ya mgogoro wa kisiasa inaweza kukosea bunduki, gari na nguzo ya simu, na asidhurike mtu. Inaweza pia kupatia vyote hivyo, hadi kifungo cha mwisho cha shati, na bado ikatuacha na uongo mkubwa kuliko ule tuliokuwa nao kabla ya kuiangalia. Kwangu kipimo ni maswali mawili: nani alifanya, na nani alilipa? Tamthilia ikijibu hayo vibaya, usahihi wa kombati ni mapambo tu.

Tuchukue kesi inayotuhusu wenyewe. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kupitia Athens, ikaishia Entebbe, kwa Idi Amin. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomandoo wa Israel walitua hapo, wakawakomboa karibu mateka wote waliokuwa wamebaki, wakaondoka. Uwanjani walikaa kama saa moja na nusu. Kabla mwaka haujaisha, televisheni ya ABC ya Marekani ilikuwa imeshaonyesha tamthilia yake, Victory at Entebbe, ikiwa na Elizabeth Taylor na Kirk Douglas. Januari 1977 NBC wakaleta ya kwao, Raid on Entebbe, na Charles Bronson akawa kamanda. Mwaka huohuo Waisraeli wenyewe wakatoa filamu, na mwaka 2018 ikatoka nyingine tena. Tukio la wiki moja limeigizwa mara nne, na hapo sijahesabu filamu ambazo limo kama kipande tu.

Nani alifanya? Hilo wamejibu, na sina ugomvi nalo. Nani alilipa? Hapo ndipo panapopwaya. Mama mzee aliyekuwa mateka, Dora Bloch, alikuwa amepelekwa Hospitali ya Mulago; akauawa baada ya wenzake kuokolewa, na yeye anakumbukwa kwa jina, kama inavyostahili. Lakini makumi ya askari wa Uganda walikufa usiku ule, na kwenye skrini kazi yao ni kuanguka. Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda waliuawa kwa kisasi kwa sababu ndege za Israel zilipitia Nairobi kujaza mafuta. Hao hata nafasi ya kuanguka mbele ya kamera hawakupata.

Sasa tuje kwenye Entebbe ya pili. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka wa Tanzania na kushika eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, na Novemba 1 Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere, akiwa Diamond Jubilee, aliliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Mgambo wakakusanywa nchi nzima, jeshi likavimba mara kadhaa ya ukubwa wake ndani ya miezi michache. Januari 1979 wakaingia Mutukula, Februari wakaichukua Masaka, Machi wakapigana Lukaya. Tarehe 7 Aprili wakauteka uwanja wa ndege wa Entebbe. Uwanja uleule! Siku nne baadaye Kampala ikaanguka, na mwanzoni mwa Juni wakafika mpaka wa Sudan. Sehemu kubwa ya safari hiyo waliifanya kwa miguu.

Entebbe ya kwanza ilimwaibisha Amin, akaendelea kutawala karibu miaka mitatu. Entebbe ya pili ilikuwa sehemu ya kumwondoa. Ya kwanza ina waigizaji wa Hollywood. Ya pili imebaki vitabuni na vichwani mwa wazee.

Mtu atasema hizo tamthilia za 1976 zilifanywa haraka haraka, mbali, na watu wasiojua Uganda iko wapi kwenye ramani. Haya, tuchukue iliyofanywa kwa uangalifu. The Last King of Scotland ilitoka 2006. Ilipigwa Uganda kwenyewe. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili, akakaa na watu waliomjua Amin, akaibeba sauti na mwendo wake mpaka akapewa tuzo ya Oscar mwaka 2007. Ilitengenezwa kwa ajili ya sinema, lakini sisi wengi tumeiona kwenye televisheni, kwenye flashi na kwenye vibanda umiza. Yule jamaa wa hosteli hawezi kupata nguzo ya simu ya kulalamikia.

Ila daktari kijana wa Kiskoti, Nicholas Garrigan, ambaye hadithi nzima inamzunguka, hakuwahi kuwepo. Ametoka kwenye riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Hilo peke yake si kosa. Kosa ni kile alichopewa. Mke wa Amin aliyeitwa Kay alikufa kweli, mwaka 1974, na daktari aliyehusishwa na mkasa wake alikuwa Mganda. Kwenye filamu nafasi hiyo anaikalia Garrigan, na kifo chenyewe kinasogezwa mpaka karibu na Entebbe. Yaani hata msiba wa Waganda umehitaji mgeni ili usimulike. Kisha mateka wanaachiwa, daktari wetu anatoroka na ndege, hadithi inaisha. Ni Julai 1976. Vita iliyomtoa Amin haimo kwenye hadithi.

Kwamba hili lina madhara niliona nyumbani, Ulemo, wilaya ya Iramba, likizo ndefu iliyopita. Duka moja pale lina televisheni inayoendeshwa na sola, na jioni vijana wanakusanyika kuangalia muvi zilizotafsiriwa. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Amin. Mtafsiri alikuwa fundi kweli, anaiga sauti, anatania, anatupia na ya kwake. Picha ya mwisho ilipofika akamalizia kwa kishindo kwamba huo ndio ukawa mwisho wa Amin. Kijana mmoja wa kidato cha nne akageuka na kumfundisha mwenzake: "Umeona? Amin alitolewa na Waisraeli."

Pembeni alikuwa amekaa mzee mmoja wa jirani, mtu wa ng'ombe na mashamba ya mtama, ambaye kila mkubwa pale kijijini anajua alikwenda vitani na mgambo. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mjukuu wangu, hawa wanakula saa ngapi?"

Tukacheka. Yeye hakuwa anatania.

"Saa mbili nzima sijaona mtu anatembea, sijaona mtu anakula. Vita gani hii? Sisi tulitembea mpaka kucha zikang'oka. Mvua ile ya kwao, buti halikauki. Halafu unapewa ndizi. Mtu umekulia ugali wa mtama na mlenda, leo ndizi, kesho ndizi." Akanyamaza kidogo. "Tulikwenda na wenzetu. Wengine hawakurudi. Huyo daktari mimi sikumwona."

Nimeyafikiria sana maneno hayo, kwa sababu ndani yake mna somo zima la uhakiki. Mzee hakuangalia nguo. Aliangalia kazi ya vita ilivyo: miguu, mvua, chakula, watu wasiorudi. Kwa kipimo hicho, muvi iliyosifiwa dunia nzima ilikuwa haiaminiki. Na kijana wa kidato cha nne, mwenye somo la Historia kwenye ratiba, aliamini kila kitu kwa sababu ilionekana kweli. Yeye na mzee yule wanaishi kijiji kimoja, lakini mwalimu wake wa Vita vya Kagera ni runinga.

Tukumbuke pia kwamba vita ile haikuwa na televisheni upande wetu. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Bara televisheni ilianza 1994. Wazazi wetu waliisikia vita kwa Redio Tanzania. Hawakuiona. Sisi tuliokuja baadaye tukairithi kwa wimbo wa mchakamchaka, ule wenye Amin na mamba wa Kagera, ambao kila aliyesoma shule ya msingi anaujua. Ukiutazama kama historia, ni uongo mtupu: Amin hakuliwa na mamba, alifia hospitali Jeddah, Saudi Arabia, Agosti 2003. Lakini wimbo haujamdanganya mtu, kwa sababu hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba ule ni wimbo. Tamthilia ya televisheni ina nguvu nyingine. Inakuja na sura za watu, mitaa halisi, tarehe zilizoandikwa chini ya skrini. Inavaa nguo za ushahidi.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Msanii si karani wa mahakama. Ukimfunga kwenye kumbukumbu za mikutano hutapata tamthilia, utapata taarifa ya kamati. Kubali. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa na kumtafsiri Shakespeare, Julius Caezar ikatoka mwaka 1963, na katika tamthilia hiyo saa inagonga Roma, mji ambao wakati huo haukuwa na saa ya kugonga. Dunia imecheka kidogo na kuendelea na maisha. Hilo naliita kosa la saa. Lakini hebu fikiria Shakespeare angemtoa Brutus, akaweka badala yake mfanyabiashara kutoka London aliyekuwa akipita njia. Hapo asingekuwa amekosea saa. Angekuwa amewapokonya Warumi historia yao.

Na hapa kwetu tuna mfano mzuri kuliko huo. Wengi tulimsoma Kinjeketile wa Ebrahim Hussein sekondari. Mwandishi alichukua Vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907, akamchukua mtu aliyeishi kweli, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, akamwongezea mashaka na mawazo ambayo hakuna nyaraka iliyoyarekodi. Lakini katika utangulizi anamweleza msomaji wazi kwamba Kinjeketile wa jukwaani na yule wa historia si mtu mmoja. Amebuni, na amesema amebuni. Na katika ubunifu wake hakuwanyang'anya wapiganaji vita yao. Walioamini maji ni haohao, waliokufa ni haohao, na aliyewaua ni yuleyule Mjerumani.

Kwa hiyo shida si kubuni wahusika. Angalia Rwanda. Mwaka 2005 HBO walionyesha Sometimes in April ya Raoul Peck, mtu wa Haiti. Ndugu wawili walio katikati ya hadithi ni wa kubuni: mmoja alikuwa askari, mwingine mtangazaji wa redio RTLM, na miaka kadhaa baadaye huyu wa redio anasubiri kesi Arusha. Lakini ilipigwa Rwanda, redio inafanya kazi ileile iliyofanya kweli, vizuizi vya barabarani vinasimamiwa na watu walewale waliovisimamia, na Washington inayotafuta maneno ya kukwepa kusema "mauaji ya kimbari" imo, na afisa wake Prudence Bushnell yumo kwa jina lake. Mahakama ya Arusha nayo ilikuwepo kweli. Watu wa RTLM walihukumiwa pale Desemba 2003. Majina ya ndugu wale ukiyafuta, ukweli unabaki umesimama.

Hotel Rwanda, iliyotoka mwaka mmoja kabla, ilikwenda njia nyingine. Ilichukua mtu halisi, Paul Rusesabagina, ikamfanya shujaa wa hoteli nzima, na sehemu kubwa ikapigwa Afrika Kusini. Baadhi ya walionusurika katika hoteli ile walipinga simulizi hiyo. Baadaye Rusesabagina akawa mpinzani wa serikali ya Kigali. Septemba 2021 mahakama ya Rwanda ikamhukumu miaka 25 kwa makosa ya ugaidi, katika kesi iliyolaumiwa nje, na Machi 2023 akaachiwa. Sitaki kuamua ugomvi huo hapa. Ninachosema ni kwamba mabishano yale yote, ya wanaomtetea na ya wanaomshutumu, yalianzia kwenye filamu. Watu walikuwa wanamhukumu Don Cheadle, mwigizaji, wakidhani wanamjua meneja wa hoteli.

Sasa tujigeukie. Siku moja mmoja wetu atapata fedha ya kufanya tamthilia ya Vita vya Kagera, vipindi kumi na tatu, Jumapili usiku. Je, tutayajibu yale maswali mawili kwa uaminifu tunaoudai kwa Wazungu? Maana majibu kamili hayatupendezi yote. Mutukula ilipotekwa, askari wetu waliibomoa na kuua raia kwa kisasi cha yaliyofanyika Kagera, mpaka Mwalimu akatoa amri raia walindwe. Lukaya brigedi iliyojaa mgambo ilikutana na makombora ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin, ikarudi nyuma ovyo kabla jeshi halijajipanga na kushinda siku ya pili. Wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni nao walipigana; wakiachwa nje, tutakuwa tumewafanyia Waganda kilekile Garrigan alichotufanyia sisi. Na Julai 1979, kwenye mkutano wa OAU Monrovia, wako marais wa Afrika waliotulaumu kwa kuvuka mpaka. Tamthilia isiyo na hayo itakuwa gwaride, na magwaride ya Desemba 9 tumeshayaona.

Kuna na kikwazo cha karatasi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla kamera haijawashwa. Mwandishi anayejua hivyo huanza kujikata mwenyewe kabla hajakatwa: anaitoa Mutukula, anaondoa woga wa Lukaya, anabakiza kombati safi na wimbo. Kisha tunashangaa kwa nini tamthilia zetu za historia hazina mtu anayekula wala kuchubuka mguu. Bodi ikiulizwa, itasema inalinda heshima ya jeshi. Lakini heshima ya mgambo aliyeogopa Lukaya na bado akarudi siku ya pili ni kubwa kuliko ya mgambo wa kubuni asiyeogopa kitu.

Wenzangu wa sanaa za maonyesho, uandishi wa habari na historia, hili ni letu kabla halijawa la mtu mwingine. Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 kwenda Kampala, alifariki Oktoba 2024 akiwa na zaidi ya miaka mia. Aliyekuwa mgambo wa miaka 20 mwaka 1979 sasa amepita sitini. Mwandishi wa miswada atakayekuja mwaka 2040 atakuta vitabu vya makamanda na hotuba za viongozi. Hatakuta nani aliyeuliza kuhusu ndizi.

Kwa hiyo naomba kitu kidogo. Likizo ndefu inakaribia, na karibu kila mmoja wetu ana simu inayorekodi. Ukifika kwenu, iwe Ulemo, Ngara, Newala au Micheweni, tafuta mzee mmoja aliyekwenda, mwombe ruhusa, mwulize: mlipita wapi, mlikula nini, uliogopa lini, nani hakurudi. Mwulize pia mama aliyebaki na shamba na watoto, maana naye alilipa. Usimsahihishe tarehe akikosea. Tarehe tunazo vitabuni. Ukirudi chuoni, andika mahali, mwaka na jina kama amekubali litajwe, na weka nakala mbili, moja kwako na moja maktaba. Wazo likikujia la kuandika mswada, andika ukurasa wa kwanza unaosema kipi umebuni na kipi hukubuni, kama alivyofanya Hussein.

Na yule jamaa wa hosteli tusimnyamazishe. Jicho lake ni kali, tunalihitaji. Tumwombe tu, akimaliza kuhesabu nguzo za simu, ahesabu na watu ambao hawamo kwenye picha.